Uliza Ami: Nyumba ni yake, shamba ni la nani, na minazi je?

SWALI: Shikamoo Ami. Mimi ni dereva wa matatu nakaa Maweni hapa Malindi, nimepanga mwaka wa 9 sasa na mama watoto amechoka, na mimi nimechoka. Ndugu yangu yuko Qatar na ametuma pesa tutafute kwetu. Dalali mmoja ametupeleka kuona nyumba ya mawe huko ndani upande wa Kakuyuni, iko kwa shamba la eka 5, alikuwa akikaa mzee wa Kitaliano na sasa anarudi kwao. Ukuta ni mnene mpaka ukiegemea dirishani mkono wote unalala juu yake, juu ni makuti, kuna kisima, banda la mbuzi, minazi kama 60 na miembe. Bei milioni 4 na nusu. Dalali anasema kuna Mnairobi anaitaka kwa hivyo tutoe dipoziti ya laki 3 kabla ya Ijumaa. Hati amenionyesha picha kwa simu. Nyumba tumeipenda wallahi, tufanyeje? – Dereva, Maweni

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo Ijumaa iache ipite, swali Ijumaa yako urudi nyumbani ule, mana huyo Mnairobi wa madalali namsikia tangu niko kijana na sijawahi kumuona hata siku moja.

Sasa nisikize. Umeniambia unanunua nyumba. Wewe ni mtu wa Malindi, unajua mitaa yetu imejaa nyumba bila ardhi, mtu amejenga kwa mawe, amezalia na kuzeeka humo ndani na bado anapeleka kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Huku pwani nyumba ni kitu kimoja, ardhi ni kitu chengine, na miti ilioko juu ya hiyo ardhi inaweza kuwa ya mtu wa tatu ambae hata hujawahi kumsalimia. Kwa hivyo kabla ya kuongea bei muulize dalali hiyo milioni 4 na nusu inalipia kipi katika hivyo vitatu, na jibu aliandike.

Mimi yashanikuta. Zamani nilinunua eka 2, karatasi safi kabisa, nikahamia. Asubuhi moja natoka na birika langu la chai naona mzee amekaa chini ya mnazi, mkwezi yuko juu, nazi zinaanguka pu, pu, pu. Nikamuuliza mzee wangu vipi, akanijibu sabalkheri kwa adabu zote, akaniambia minazi hii 14 aliipanda babake kwa ruhusa ya mwenye shamba wa kwanza, na alieniuzia anajua. Na kweli alikuwa anajua, nilipompigia simu alikohoa tu. Basi nikainunua minazi iliokuwa kwa shamba langu, mmoja mmoja tukiufunga kamba ili tusipoteze hesabu, na mitatu mzee akakataa kuniuzia mana mgema alikuwa ashailipia. Miaka miwili nikiamshwa na mgema alfajiri anapanda na kibuyu chake juu ya dirisha langu, na mimi hata tembo sinywi!

Kwa hivyo nenda pale shambani bila dalali, siku ya kuangua nazi ukiweza, uulize majirani minazi ni ya nani, miembe ni ya nani na nani anagema wapi. Ukikuta vigango, zile nguzo za mbao za kukumbuka marehemu, vimesimama au makaburi chini ya mwembe usiguse kitu, uliza ni ukoo gani, mana wenyewe watakuja kuzuru watu wao, wewe uwepo usiwepo. Na ukiona kibanda kina moshi asubuhi ujue kuna watu. Mtu akikaa kwa ardhi ya mwenzake miaka 12 wazi wazi bila ruhusa na bila kufukuzwa, sheria inamruhusu kwenda kortini kuidai, na wewe mnunuzi utarithi hiyo kesi pamoja na banda la mbuzi.

Haya, hati. Picha kwa simu si hati. Chukua namba yake mpe wakili wako, wako sio wa dalali, afanye sachi ofisi ya ardhi, na uangalie jina. Hapa ndio nataka utulie. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, mtu asiekuwa raia hawezi kumiliki ardhi ya milele hapa Kenya, mwisho wake ni lisi, yaani kukodishwa, ya miaka 99, na hata wale waliokuwa na ya milele kabla ya hapo iligeuzwa ikawa lisi ya 99 kuanzia Agosti 2010. Na kampuni isiokuwa ya raia watupu inahesabiwa ni mgeni vilevile. Shamba la kilimo ndio gumu zaidi, mana bodi ya ardhi, ile inayopitisha mauzo ya mashamba, haimpi mgeni idhini mpaka apate msamaha maalum. Ndio ukaona wazungu wengi wetu hapa wameandikisha kwa jina la mke, la mpenzi, la askari wa geti. Kwa hivyo usishangae sachi ikitoa jina la mwanamke ambae mzungu aliachana nae zamani na hawaongei. Huyo ndie muuzaji wako, hata kama funguo anazo mzungu. Na ikitoka ni lisi, basi unanunua miaka iliobaki tu, bei ishuke.

Kama jina ni la mtu mwenye mke au mume, na hapo ndipo wanapoishi, na huyo mwenzake lazima akubali kwa maandishi.

Mkishaandikiana agrimenti mnapeleka maombi kwa bodi ya ardhi ndani ya miezi 6. Shamba la kilimo bila idhini ya bodi, ile biashara kisheria ni kama haikufanyika, unabaki kudai pesa zako kama deni, na kudai deni kwa mtu aliehamia Italia nakuachia wewe uwazie. Weka na pesa ya stempu, ule ushuru wa serikali wa kuhamisha ardhi, kando, asilimia 2 kama inahesabiwa mashambani, 4 kama iko ndani ya manispaa, yaani kwa bei yako ni 90,000 au 180,000, na mthamini wa serikali akiona bei imeandikwa ya chini atatumia thamani yake. Sevea nae akuonyeshe bikoni zote za mpaka kwa mguu, sio kwa kidole kutoka kwa gari.

Nyumba yenyewe haina shida kubwa. Mawe ya matumbawe na chokaa ni kitu cha kudumu, nenda hapo magofu ya Gede uone, watu walihama karne ya 17 na kuta bado zimesimama na miti imeota juu yake. Kinachokula nyumba kama hizi kiko juu, sio ukutani. Makuti hesabu utayabadilisha kila baada ya miaka kadhaa, kwa hivyo uliza yaliezekwa lini. Boriti ingiza ncha ya kisu pale zinapoingia ukutani, ikizama kama papai ujue mchwa washamaliza. Maji ya kisima yanywe, usiyaangalie tu, na upike nayo chai, chai haifichi chumvi. Halafu rudi mwezi wa 5 mvua ikiwa imekaza, uone matatu yako inafika au unaiacha barabarani unatembea, na uulize Sabaki, mto wetu, ilifika wapi mafuriko ya El Nino ya 1997. Wazee wanakumbuka mpaka mti iliofikia.

SWALI: Assalam aleikum Ami. Niko Langoni, Lamu. Marehemu nyanya ametuachia nyumba ya mawe shambani Matondoni, ukuta wa chini unatoa unga mweupe na plasta inabanduka. Fundi anataka kubandua yote apige simiti. Nimkubalie? – Binti Langoni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Usimkubalie. Huo unga ni chumvi, uonje kwa ncha ya ulimi utaona. Maji yanapanda na ukuta kutoka chini, mawe yetu yanayanyonya kama sponji, na chokaa inayaachia yatoke. Ukiyazibia na simiti hayatoki, yanapanda juu zaidi, mwakani utakuja kuniuliza kuhusu boriti. Mwambie abandue mpaka ukuta ulipo mkavu, muuache upumue mpaka ukauke vizuri hata kama ni miezi, achimbe mtaro maji ya mvua yaende mbali, halafu arudishe chokaa kwa mchanga usiokuwa na chumvi. Sio mchanga wa ufukweni, na ule wa vilima vya Shela ndio kabisa usiuguse, maji matamu ya kisiwa yako chini yake. Kama fundi wako hajui kuchanganya chokaa tafuta mzee, Lamu hawajaisha.

SWALI: Ami, dalali anataka 2,000 ya kunipeleka kuona shamba Mambrui. Ni halali? – Mama Rukia, Malindi

JIBU: Nauli ya boda mlipie, na maji ya kunywa. Hiyo nyengine mwambie ataipata siku ukipewa hati mkononi.