Babu wa mkeo na Lancaster iliyopotea 1944: pa kuanzia

Pole ndugu, na mfikishie pole shemeji. Umesema mna picha moja tu na telegramu ya 1944 kwamba babu yake hakurudi na Lancaster, ile ndege ya mabomu ya Waingereza ya Vita vya Pili, basi iangalie vizuri kama ina namba yake ya jeshi maana majina ya Kiingereza yanafanana mno. Afu ingia saiti ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola, ni bure, weka jina utapata tarehe na mara nyingi skwadroni yake (kikosi chake cha ndege), na kama mwili haukupatikana basi jina huenda liko ukutani kwenye mnara wa kumbukumbu ya wanaanga kule Runnymede, Uingereza, wako zaidi ya 20,000 pale wasio na kaburi.

Ukishajua skwadroni ndo kazi inaanza. Nenda National Archives ya Kew, hifadhi ya nyaraka za taifa kule London, tafuta AIR 27, hizo ni daftari za skwadroni. Fomu 541 inaandika ndege moja moja, majina ya waliomo, mabomu, saa ya kuruka. Ya kwanza niliyofungua mimi niliganda, saa ya kuruka ipo, ya kutua patupu. Msome pamoja, asiisome peke yake.

Na usimtafute yeye tu jamani! Lancaster kawaida ilibeba watu 7, wale wenzake watafute kwenye hifadhidata ya International Bomber Command Centre ya Lincoln, Uingereza, kituo cha kumbukumbu ya warusha mabomu, mmoja akiwa na kaburi Uholanzi au Ujerumani unapata fununu ndege iliangukia wapi, ila makaburi mengine yalihamishwa baada ya vita kwahiyo linganisha na namba ya ndege kwanza.