Wasomaji Wanauliza: Kodi (chords) za dalsima ya milimani

SWALI: Nina dalsima ya milimani ya nyuzi nne, ala ile ya kulaza mapajani. Nyimbo za hapa Kentucky nimezoea kuzipiga kwa kijiti cha kubonyezea nyuzi, sasa nataka kodi, yaani sauti kadhaa kwa pamoja. Chati niliyopewa inasema G ni 3-1-0, lakini nikiipiga sauti zinagombana. Tatizo ni nini?
Msomaji, Louisville

JIBU: Ndugu msomaji, chati haina kosa. Inaelekea umekaza nyuzi zako kwa D-A-A, mpangilio wa wapigaji wengi wa kijiti, na chati hiyo ni ya D-A-D. Namba hutaja freti ya kubonyeza (freti ni vyuma vinavyokatiza chini ya nyuzi), na husomwa kuanzia uzi mnene ulio mbali nawe hadi nyuzi pacha zilizo karibu nawe. 0 ni uzi usiobonyezwa. Kwa D-A-D, 3-1-0 inatoa G, B na D, yaani G kamili. Kwa D-A-A, pacha hizo zinatoa A, ambayo inabanwa katikati ya G na B. Ndiyo maana masikio yanakataa.

Kaza pacha kutoka A hadi D ya juu, polepole, mmoja baada ya mwingine. Bonyeza uzi wa kati kwenye freti ya 3: hiyo ndiyo D unayoitafuta. Uzi wa kati wenyewe ulingane na uzi mnene uliobonyezwa freti ya 4. Nyuzi zilizochoka hukatikia hapa. Weka mpya za inchi 0.012.

Anza na kodi tatu: D ni 0-0-2, G ni 0-1-3 (sauti zilezile za 3-1-0, mpangilio tofauti), A ni 1-0-1. Kutoka D kwenda G usinyanyue gumba. Liteleze juu ya pacha, freti ya 2 hadi ya 3, huku kidole cha pete kikishuka freti ya 1 ya uzi wa kati. Kwenda A, kidole hicho kisogee hadi kwenye pacha, freti ileile, na cha kati kibonyeze uzi mnene.

SWALI: Mbona D ya 0-0-0 inasikika tupu?

JIBU: Kwa sababu haina F#, sauti inayoifanya iwe D meja. Nyimbo nyingi za kale za Appalachia, milima ya mashariki mwa Marekani, zinapendeza hivyohivyo, usizijaze bila sababu. 1-0-1 nayo haina C#. Ukitaka A kamili piga 4-2-1, vidole vikishazoea kutanuka.

SWALI: Nyuzi zinakoroma nikibonyeza.

JIBU: Bonyeza kushoto kwa freti, karibu nayo kabisa. Ukikaa juu ya chuma chenyewe sauti inafifia. Ukiwa mbali nacho, uzi unakoroma. Hakikisha pia pacha zote mbili zimeshuka, maana gumba likiegemea upande mara nyingi hushika mmoja tu.