Kuchonga manifoldi ya Subaru EJ20 yenye turbo

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuchonga, yaani kupanua, njia zote za manifoldi ya kuingizia hewa (mabomba yanayogawa hewa kwa kila silinda) kwenye Subaru Impreza yako yenye injini ya EJ20 na turbo, ambayo unaitumia barabarani kila siku. Kwa maoni yangu usizipanue zote, bali usawazishe tu pale manifoldi inapokutana na silinda hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda), ukitumia gasketi kama kipimo, kwa sababu ukingo unaoikabili hewa njiani ndio unaovuruga mtiririko wake. Tundu la manifoldi lisiwe kubwa kuliko tundu la hedi.

Kwa kuwa turbo huisukuma hewa kwa shinikizo, faida ya kuchonga huonekana zaidi injini inapozunguka kwa kasi kubwa, hali ambayo gari la mjini huifikia mara chache, ilhali njia pana kupita kiasi hupunguza mwendo wa hewa kabla turbo haijaanza kusukuma hewa kwa nguvu.

Ifungue manifoldi na kuitoa kabisa kwenye injini kabla ya kuichonga, na ukimaliza uioshe mara mbili au tatu. Hili nalisisitiza kwa dhati, maana chembe za alumini zikifika kwenye silinda hukwaruza kuta zake, na injini nzuri huharibika hivyo. Fedha itakayobaki ielekeze kwenye intakula (kifaa kinachopoza hewa inayotoka kwenye turbo) na kuipanga upya kompyuta ya injini.