Kabla hujatamani mawimbi ya Nazaré

Kila majira ya baridi, video za mawimbi makubwa ya Nazaré, mji wa pwani hapa Ureno, zikianza kuzunguka WhatsApp, napata ujumbe ule ule kutoka nyumbani: "Wewe si uko Ureno, umeshajaribu hayo?" Sijajaribu, na sina mpango. Mimi nateleza kwa ubao kwenye mawimbi ya kimo cha mtu, upande wa Peniche, na hayo yananitosha. Nazaré naenda kutazama tu.

Lile wimbi huzaliwa kwenye dhoruba za mbali huko Atlantiki ya Kaskazini. Mbele ya mji, chini ya bahari, kuna korongo refu zaidi ya kilomita 200. Sehemu ya wimbi inayopita juu ya korongo haipotezi kasi, ile ya pembeni kwenye kina kifupi inapunguza mwendo. Zikikutana Praia do Norte, ufukwe wa kaskazini mwa mji, zinapandana. Ndipo hapo Mjerumani Sebastian Steudtner aliposhuka wimbi la mita 26.21 mwezi Oktoba 2020. Sisi tuliokulia Tanga tunajiona wajuzi wa bahari, kumbe mawimbi yetu yameshavunjwa nguvu na matumbawe kabla hayajatufikia.

Utamu wake siukatai. Ubao ukishadakwa na wimbi, nawe ukasimama juu yake, basi baridi, kodi ya nyumba na bosi vyote vinafutika. Unatoka unatetemeka, na papo hapo unataka kurudi.

Shida iko chini ya maji. Niliwahi kubamizwa na wimbi lisilozidi kichwa changu, nikapiga mbizi kwa nguvu zangu zote nikidhani naelekea juu, mikono ikagusa mchanga. Kwa hiyo shika hili: usipigane na maji. Legeza mwili, kinga kichwa kwa mikono, kisha fuata kamba iliyofungwa mguuni, maana ubao huelea na kamba itakuonyesha juu ni wapi. Mwenye papara humaliza pumzi mapema.

Hata mabingwa wa mawimbi makubwa hawaendi peke yao. Kuna dereva wa jetski, ile pikipiki ya majini, anayekuvuta kwa kamba, kwa kuwa kupiga makasia kwa mikono hakukupi kasi ya kutosha. Kuna jetski nyingine ya uokoaji, kuna mtu juu ya jabali mwenye redio, na jaketi linalojaa gesi ukilivuta. Kwa maoni yangu dereva ndiye anayestahili makofi zaidi. Mwaka 2013 Mbrazili Maya Gabeira alipoteza fahamu pale, mwenzake Carlos Burle akamwopoa, akarudishiwa uhai mchangani. Mwaka 2020 mama huyo akashuka wimbi la mita 22.4, rekodi ya wanawake. Márcio Freire hakubahatika: alifariki hapo Januari 2023, naye alikuwa mkongwe wa mawimbi ya Hawaii.

Ukitaka kuanza, nenda Baleal, karibu na Peniche, chini ni mchanga na walimu wapo. Jua kuogelea kwanza, tafadhali.

Na ukija kutazama Nazaré, kati ya Oktoba na Machi, angalia utabiri wa mawimbi kabla ya kukata tiketi ya basi, la sivyo utakuta bahari imelala. Panda Sítio, mtaa wa juu wa mji, tembea hadi ngome yenye mnara wa taa, vaa koti zito. Ufukweni Praia do Norte usishuke siku hiyo, hata kwa picha moja. Maji hupanda mchangani ghafla, na wenye jetski wana kazi nyingine.