Usisaini kabla hujajua kontena litashushwa wapi njiani

Mkuu simama hapo hapo, usisaini kitu. Umeuliza kontena lako la futi 40 toka Haiphong, Vietnam, kwenda Riga, Latvia, lipite Suez au lizunguke Rasi ya Tumaini Jema kule kusini mwa Afrika, halafu mwishoni ukachomekea kwamba ajenti kakupa bei nafuu, "transhipmenti mbili tu", yaani mzigo ushushwe njiani na kupakiwa meli nyingine mara mbili. Balaa liko kwenye hiyo "tu".

Ya Suez nikujibu haraka, huchagui wewe, anachagua mwenye meli. Mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023 makampuni mengi makubwa yalihamia Rasi na safari ikarefuka siku kama 10 hadi 14, wenye mizigo hawakuulizwa.

Unachochagua wewe ni mzigo ushushwe mara ngapi. Mimi ajenti aliniambia njia zote sawa tofauti ni bei, alisema bila hata kupepesa macho, na nina hasira naye mpaka leo kwa sababu alikuwa anajua. Kontena linashushwa Singapore linasubiri meli kubwa, meli inakuja imejaa, linasogezwa hadi meli ya wiki inayofuata, hiyo nayo inachelewa, basi likifika Bremerhaven, Ujerumani, ile meli ndogo ya kwenda Baltiki ishaondoka zamani. Ni kama abiria wa kuunganisha magari, basi la kwanza likichelewa la pili halitakusubiri. Na usidhani utamdai mtu, zile siku za safari kwenye ratiba ni makadirio, soma masharti nyuma ya bili ofu ledingi, ile hati ya mzigo anayotoa mwenye meli, uone kama kuna anayekuahidi tarehe.

Kilichoniumiza zaidi sasa, nilikuwa nimetuma makontena kwa wiki tofauti makusudi ili niyatoe moja moja, yakakwama yote Singapore yakaja kushuka siku moja! Siku za bure, zile unazopewa kutoa kontena bila kulipia, zikaanza kuhesabika kwa yote pamoja, malori hayatoshi, ghala halina nafasi, demareji, yaani tozo ya mwenye meli kwa kontena lililopitisha siku za bure, inapanda kila siku huku bandari nayo inadai storeji yake, ada ya kukaa bandarini. Ile nafuu ya freiti, nauli ya mzigo, ikaliwa yote na juu yake nikalipa tena, na yule ajenti akawa hapokei simu.

Kwa hiyo muulize hivi, kwa maandishi: kontena linashushwa bandari gani, meli ya pili inaitwa nani, inapita hapo mara ngapi kwa wiki, na nikifika nina siku ngapi za bure. Halafu mwambie akupe na bei ya njia yenye transhipmenti moja. Itakuwa juu, chukua hiyo hiyo, hasa kama mnunuzi wako ana tarehe. Akishindwa kukutajia meli ya pili ujue huenda hajakushikia nafasi huko mbele, tafuta ajenti mwingine leo hii kabla cut-off, muda wa mwisho wa kupeleka kontena bandarini, haijapita.