Crohn, kolaitisi na chanjo: aulize kabla hajameza kidonge cha kwanza cha kushusha kinga

Dada, umeandika kwamba mdogo wako amegundulika na ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), kwamba mwezi ujao anaanzishiwa azathioprini, dawa ya kushusha kinga ya mwili, na kwamba muuguzi mmoja kamwambia "wagonjwa kama wewe hamchanjwi kabisa". Naomba nikujibu kwa urefu, maana maneno kama hayo niliambiwa na mimi, nikayaamini, na yalinigharimu.

Mimi nina kolaitisi ya vidonda, ndugu yake Crohn, yaani uvimbe sugu wenye vidonda kwenye utumbo mpana. Karibu mwaka mzima nilihara damu nikitibiwa amiba, hadi 2017 nilipoingizwa kamera ya utumbo hapa Dar. Nikapewa prednisoloni na mesalazini, dawa za kutuliza uvimbe, baadaye azathioprini. Daktari wangu ni mtu ninayemheshimu sana, ndiye aliyenisimamisha tena. Lakini tangu siku ya kwanza hadi mwaka wa pili hakuwahi kuniuliza nimechanjwa nini. Nilipomuuliza mwenyewe, akasema hayo ni mambo ya kliniki ya chanjo. Kliniki ya chanjo wakasema mimi ni mgonjwa wa bingwa, nilete barua ya bingwa. Nikawa mtu wa kwenda na kurudi.

Baadaye nilijifunza kwamba jambo hili halipo kwetu tu. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2011 uliwahoji madaktari bingwa wa tumbo, na wengi wao walijibu kwamba kupanga chanjo za mgonjwa ni kazi ya daktari wake wa kawaida. Sasa fikiria sisi ambao wengi hatuna hata huyo daktari wa kawaida.

Kwanza elewa hivi: chanjo ziko za aina mbili. Ziko zilizo hai, yaani zina kirusi au bakteria aliyedhoofishwa lakini hajafa: homa ya manjano, surua na rubela, tetekuwanga, polio ya matone, BCG ya kifua kikuu. Hizo mtu anayetumia dawa za kushusha kinga hachomwi. Azathioprini ni mojawapo ya dawa hizo, vilevile sindano za infliksimabu na adalimumabu, na prednisoloni ya miligramu 20 au zaidi kwa siku kwa wiki mbili na kuendelea. Mesalazini peke yake haimo humo. Aina ya pili ni zisizo hai: homa ya ini B, nimonia, mafua ya sindano, pepopunda, HPV (ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi), UVIKO. Hizi anaruhusiwa hata akiwa kwenye dawa, na yeye anazihitaji kuliko mimi na wewe tungezihitaji tukiwa wazima. Hofu kwamba chanjo itamwamshia ugonjwa wa tumbo haijathibitika kwenye tafiti.

Muuguzi aliyesema "kabisa" alichukua katazo la kundi la kwanza akaliweka juu ya yote.

Iliyonigharimu mimi ni chanjo ya homa ya ini B. Chanjo hii iliingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo sisi tuliozaliwa miaka ya themanini wengi wetu hatukuipata utotoni. Nilipaswa kupimwa na kuchanjwa mapema, kinga yangu ikiwa bado na nguvu. Nilichomwa dozi tatu za miezi sita nikiwa tayari nameza azathioprini. Nikarudi kupima damu kuona kama chanjo imejenga kinga dhidi ya virusi hivyo: kipimo kinatakiwa kifike angalau 10, changu kikasoma 4. Ikabidi nirudie mzunguko wote, kwa pesa yangu, ndipo ikapanda. Na hili si dogo. Mtu mwenye virusi vya B vilivyolala, akipewa infliksimabu bila kupimwa, virusi vinaweza kuamka na kuliharibu ini vibaya. Kama mdogo wako hajapimwa, apimwe wiki hii.

La pili ni homa ya manjano. Kazi yangu ni ya mizigo, na 2019 nilitakiwa kwenda Lubumbashi. Kongo wanadai kadi ya njano. Kwenye dirisha la chanjo niliulizwa kama nina mimba na kama mayai yananidhuru, basi. Sindano ilishavutwa. Nikamwambia mama yule natumia azathioprini, akaniangalia, akaiweka chini, akaenda kumuuliza mkubwa wake. Namshukuru hadi leo kwa kutoona aibu ya kuuliza. Niliandikiwa kwenye kitabu kile kile cha njano kwamba sichanjwi kwa sababu za kitabibu, ikapigwa muhuri. Lakini karatasi haizuii mbu, kwa hiyo safari yenyewe alikwenda mwenzangu. Watu watamwambia mdogo wako anunue kadi mtaani. Tafadhali mzuie.

Kwa kina dada mnaosoma hapa na mnatumia infliksimabu au adalimumabu: dawa hizi hupita kwa mtoto tumboni na hukaa mwilini mwake miezi mingi. Hapa kwetu mtoto huchomwa BCG akiwa bado wodini. Uingereza kiliripotiwa kisa cha mtoto ambaye mama yake alitumia infliksimabu. Alichomwa BCG akiwa na miezi mitatu, ile BCG ikasambaa mwilini, akafariki. Ushauri wa zamani ulikuwa mtoto asubiri miezi 6 tangu kuzaliwa kabla ya chanjo hai, na 2022 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikasema 12 kwa infliksimabu. Mwambie mkunga kabla uchungu haujaanza, na iandikwe kwenye kadi ya kliniki kwa herufi kubwa. Ukishajifungua hutakuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

Turudi kwa mdogo wako. Chanjo hai inatakiwa itangulie dawa kwa angalau wiki nne, kwa hiyo swali la surua, tetekuwanga na homa ya manjano liulizwe sasa hivi. Ila kama anahara damu na kilo zinashuka, asicheleweshe tiba kwa ajili ya chanjo. Daktari ndiye atapima kipi kitangulie. Zisizo hai hazina haja ya kusubiri. Mwambie asimuulize daktari "nichanjwe?", maana atajibiwa nenda kliniki. Aende na karatasi yenye majina ya chanjo, amwombe daktari aandike ndiyo au hapana mbele ya kila moja na kusaini. Karatasi hiyo ndiyo iliyonifungulia mlango wa kliniki.

Hukutaja kama yuko kwenye prednisoloni kwa sasa. Mwulize ni miligramu ngapi na tangu lini, uandike hapa hapa.