Baba alitusuka nywele. Niandike?

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Baba yetu ametutoka mwezi uliopita, na hitma ya arobaini imekaribia. Mimi ndiye binti mkubwa, nimepewa kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa. Baba alikuwa askari wa JWTZ, akaenda Vita vya Kagera. Alipotoka jeshini akawa karani serikalini, upande wa vibali vya saruji. Kaka zangu wanataka niandike vyeo, na kwamba aliingia Kampala. Mimi ninachokumbuka ni kuwa mama alipolazwa Bombo miezi miwili, baba alitusuka nywele sisi wasichana watatu kabla ya shule. Na nyumba yetu ilikuwa ya udongo mpaka 1994. Kaka wanasema hayo ni kumwaibisha marehemu. Mama yuko edani, nikimuuliza analia tu.
Binti wa Mabawa, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni sana, Mungu amrehemu.

Mume wangu naye alikwenda Kagera. Wasifu wake aliuandika mpwa wake, kijana anayejua kalamu, akausoma kwa sauti nzito kwamba marehemu alishika bunduki mstari wa mbele. Mume wangu alikuwa mpishi wa kombania! Nilikuwa ndani na akina mama, nikasikia barazani wazee wawili wakikohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia neno. Watu walipotawanyika, mmoja akapiga hodi, akasema nyuma ya pazia: "Shemeji, yule kijana kasahau sufuria." Akanihadithia kuwa njia ya Masaka mvua iliwanyeshea siku mbili, kuni zote zimelowa, na mume wangu akapasua masanduku matupu ya risasi ili wenzake wapate chai. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kulisikia hilo.

Basi la Kampala kwanza. Tafuta hati zake za jeshi, utazame kikosi. Kampala ilianguka Aprili 1979, lakini majeshi hayakushika njia moja. Wengine walielekea Masaka, wengine Mbarara, na si kila aliyevuka mpaka pale Mutukula alikuwamo siku ile. Hitmani hawatakosekana wazee wa rika lake, na hao vikosi wanavijua kuliko majina ya wajukuu zao. Hati zisiposema, andika "alipigana Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979", uishie hapo. Cheo andika kile kilichomo kwenye karatasi. Kaka zako wasimpandishe cheo kaburini.

Hilo la nyumba nimelisoma mara mbili. Wewe ulikuwa mtoto, pengine hujui uzito wake. Miaka ile ya themanini mwanzoni saruji ilikuwa kwa kibali, na mwenye kuandika kibali alikuwa na marafiki asiowajua. Mimi nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya serikali, nimewaona kuku wakiingia mlango wa nyuma, hai, miguu imefungwa. Kiwanda kiko Pongwe, karibu na ninyi kabisa, na baba yako mchana anaandikia watu vibali, jioni anarudi kukandika ukuta wake kwa udongo. Aibu iko wapi hapo? Wapo watakaokaa kwenye jamvi lile ambao walipata mifuko yao bila kutoa hata yai. Waache wasikie.

Na nywele andika. Ila usiniandikie "alikuwa baba mwenye upendo". Hilo limo katika kila tanzia, hata za wanaume wasiojua watoto wao wako darasa la ngapi. Andika alikuwa anakaa juu ya nini, kigoda au ukingo wa kitanda. Nani alitangulia, nani alilia. Chupa ya mafuta ya nazi ilikaa wapi. Andika na mtindo. Nakisia alijua mmoja tu, twende kilioni. Kama mistari ilipinda, sema ilipinda, na mkaenda nayo shule hivyohivyo.

Mama usimuulize "tuandike nini". Kwa mwanamke aliye edani swali hilo ni mlima. Keti naye mchambue mchele, halafu umuulize baba alikuwa akimwitaje wakiwa wawili. Wangu alirudi kutoka Uganda akiniita "nyabo", yaani "bibi" kwa Kiganda, mpaka siku ya mwisho. Kama mama hataki lisomwe, lisisomwe, liwe lako.

Ukimaliza, mpe kaka yako mkubwa asome yeye, na asome chote. Ukurasa mmoja, ukizidi sana mmoja na nusu. Ustadhi ana kisomo chake, na pilau halingoji.